Msomaji wa Kwanza: Kazi ya Dramaturgi na Hali ya Tamthilia ya Kiswahili

Utangulizi

Kila tamthilia ina msomaji wake wa kwanza. Kabla mwigizaji hajakariri maneno yake, na kabla watazamaji hawajaketi, kuna mtu aliyekwisha kuyasoma maandishi hayo na kuyatolea uamuzi. Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umemshughulikia sana mtunzi, na umewashughulikia pia wasomaji wa mwisho, yaani mhakiki mwenyewe na wanafunzi wake. Msomaji wa kwanza hajaulizwa vya kutosha yeye ni nani, anasoma kwa niaba ya nani, na usomaji wake unaiacha tamthilia katika hali gani.

Katika majumba ya michezo ya Ujerumani msomaji huyo ana cheo na mshahara, naye huitwa dramaturgi. Makala haya yanakusudia kuieleza kazi yake, kisha kuipima kazi hiyo kwa mifano ya tamthilia ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba kazi ya dramaturgi ni uhakiki, ila ni uhakiki ufanyikao kabla ya onyesho, wakati ambapo maandishi bado yanaweza kubadilika. Hoja ya pili inatokana na hiyo ya kwanza: nafasi ya dramaturgi isipojazwa na dramaturgi, haibaki tupu. Hukaliwa na msomaji mwingine mwenye haja zake nyingine.

Jina na Kazi

Jina lenyewe lina asili ya Kiyunani, na maana yake ya awali ni mtu afanyaye drama, yaani mtunzi. Wafaransa wangali wanalitumia kwa maana hiyo hadi leo. Wajerumani ndio waliolitenga: mtunzi wakampa jina lake, na dramaturgi wakampa kazi ya kuyaangalia maandishi kwa jicho la jukwaa na kuliangalia jukwaa kwa jicho la maandishi.

Kazi hiyo ina sehemu kadha wa kadha. Dramaturgi husoma miswada mipya inayoletwa katika jumba la michezo na kupendekeza ipi iigizwe na ipi irudishwe kwa mtunzi pamoja na maoni. Husaidia kuchagua michezo ya msimu mzima ili iwe na uhusiano. Ikiwa tamthilia ni ya kutafsiriwa, hulinganisha tafsiri zilizopo na ile ya asili, mstari kwa mstari. Ikiwa ni ya kihistoria, huwatafutia mwelekezi na waigizaji habari za wakati ule: watu walivaa nini, walilipana kwa nini, walimwamkia mkubwa vipi. Hupunguza maneno pale onyesho linaporefuka kupita kiasi, na huandika kijitabu wanachopewa watazamaji mlangoni. Mazoezini huketi mahali atakapoketi mtazamaji. Kila jambo asilolielewa huliandika na kuliuliza baadaye.

Neno hilo, kuuliza, ndilo kiini cha kazi yake. Mwelekezi huamua, mtunzi huandika, mwigizaji hutenda. Dramaturgi hana amri juu ya yeyote kati yao. Huuliza kwa nini mhusika fulani anatoka jukwaani sasa hivi ilhali alikuwa na sababu ya kubaki, au kwa nini mzee wa kijiji anasema kama mwalimu wa shule. Mtunzi anaweza kulijibu swali kwa kubadilisha maneno, na anaweza kulijibu kwa kuonyesha kwamba maneno yalivyo ndivyo yanavyopaswa kuwa. Katika hali zote mbili mchezo hufaidika, kwa sababu jambo lililokuwa limefanywa kwa mazoea sasa linafanywa kwa kujua.

Wanaotafuta neno la Kiswahili la kazi hii wanaweza kuvutwa na neno kungwi. Kungwi humfundisha mwari faraghani yale yatakayoonekana hadharani, na siku ya siku humsimamia huku sifa zikimwendea mwari. Ulinganisho huo unafaa kwa jinsi unavyoonyesha kazi ya faragha iliyo nyuma ya onyesho. Hata hivyo kungwi anayajua majibu yote kabla ya somo kuanza, na mafundisho yake hayakusudiwi kubadilishwa na mwari. Dramaturgi hana mafundisho ya namna hiyo. Istilahi ya mshauri wa mchezo nayo ni pana mno, maana hata fundi wa taa hutoa ushauri. Kwa sababu hizo makala haya yanatumia dramaturgi kwa mtu na udramaturgi kwa kazi.

Lessing na Mwanzo wa Kazi

Mtu wa kwanza kuifanya kazi hii waziwazi ni Gotthold Ephraim Lessing. Mwaka 1767 wafanyabiashara na wapenzi wa sanaa wa mji wa Hamburg walianzisha jumba walilolitaja kuwa la taifa, nao wakamwita Lessing awe mtunzi wao. Lessing alikataa kuwa mtu wa kutoa tamthilia kwa kipimo cha wakati. Badala yake alikubali kazi ya uhakiki ndani ya jumba lenyewe, na maandishi yake yakatoka kwa matoleo mfululizo kati ya mwaka 1767 na 1769. Matoleo hayo 104 ndiyo yajulikanayo kwa jina la Hamburgische Dramaturgie.

Mambo mawili katika maandishi hayo yanaihusu hoja ya makala haya. La kwanza ni kwamba Lessing aliwapinga waliotaka tamthilia ya Kijerumani ifuate kanuni za Kifaransa kana kwamba ni sheria. Alimrudia Aristotle mwenyewe na kuonyesha kuwa Corneille na Voltaire walishika umbo la nje la kanuni zake, ilhali Shakespeare, asiyejali umbo hilo, alilikaribia zaidi lengo la kanuni zenyewe. Huo ulikuwa uhakiki wenye kazi ya kutenda: ulikusudiwa kuamua ni tamthilia zipi zipandishwe jukwaani kesho na keshokutwa. Mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuisoma sura hiyo bila kukumbuka jinsi tamthilia za Kiafrika zilivyopimwa kwa muda mrefu kwa mizani ya kigeni.

La pili ni la kusikitisha zaidi. Mwanzoni Lessing aliandika pia kuhusu uigizaji, akiwataja waigizaji na kueleza walivyofanya. Waigizaji hawakupendezwa, malalamiko yakatokea, naye akaacha kabisa kuwazungumzia akabaki na maandishi peke yake. Jumba lenyewe halikudumu hata miaka miwili kamili. Mwishoni mwa kazi yake Lessing aliandika kwa uchungu kwamba wazo la kuwapa Wajerumani jumba la taifa lilikuwa wazo jema la watu waliosahau kwamba Wajerumani wenyewe walikuwa hawajawa taifa. Kwa hiyo kazi ya dramaturgi ilizaliwa pamoja na udhaifu wake wa kudumu. Dramaturgi hufanya kazi ndani ya nyumba ya watu anaowahakiki, na nyumba hiyo ikibomoka, naye hana pa kusimama.

Brecht na Dramaturgi wa Mazoezini

Katika karne ya 20 Bertolt Brecht aliihamisha kazi hii kutoka mezani hadi mazoezini. Yeye mwenyewe alipata kuwa dramaturgi mjini München na kisha Berlin katika miaka ya 1920, kabla jina lake halijawa kubwa. Baadaye, katika mazungumzo aliyoanza kuyaandika mwaka 1939 wala asiyamalize, yaitwayo Der Messingkauf, aliwaweka jukwaani mwanafalsafa, waigizaji, mfanyakazi wa jukwaa na dramaturgi. Mwanafalsafa anajifananisha na mtu aliyeiendea bendi akitaka kununua shaba iliyomo katika tarumbeta, wala si tarumbeta yenyewe. Anayo haja na mchezo kwa sababu ya mambo ya maisha yaliyomo ndani yake. Dramaturgi ndiye anayejitolea kuutumia ujuzi wake ili haja hiyo itimizwe bila mchezo kukoma kuwa mchezo.

Katika Berliner Ensemble, kundi aliloliunda pamoja na Helene Weigel mwaka 1949, wazo hilo lilipata mwili. Wasaidizi na madramaturgi waliandika kila siku yaliyotokea mazoezini: swali lililoulizwa, jaribio lililofanywa, sababu ya kuliacha. Picha zilipigwa nyingi na kukusanywa kuwa vitabu vya mfano, ili kundi jingine likitaka kuigiza tamthilia ileile liweze kuona njia iliyopitiwa na kuikubali au kuikataa. Udramaturgi ukawa pia kumbukumbu. Mhakiki ajaye baadaye hakuwa tena na maandishi matupu ya kuhakiki, bali alikuwa na historia ya jinsi maandishi hayo yalivyogeuka kuwa tendo.

Uhusiano wa habari hizi na Afrika Mashariki ni wa moja kwa moja. Ebrahim Hussein alisomea Berlin Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, na tasnifu yake ya mwaka 1975 ilihusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Mtunzi huyu, ambaye wahakiki wengi wanamhesabu kuwa mkubwa kuliko wote katika tamthilia ya Kiswahili, aliishi katika mji ambamo udramaturgi ulikuwa kazi ya kila siku. Tamthilia zake zimewapata wahakiki wengi. Madramaturgi hazikuwapata.

Wasomaji Wawili wa London

Kabla ya kurudi nyumbani, mfano mmoja wa Uingereza unafaa kutajwa, kwa sababu unaonyesha hatari iliyo jirani na kazi hii. Jumba la Taifa la Michezo lilipoanza kazi London mwaka 1963 chini ya Laurence Olivier, mhakiki Kenneth Tynan aliajiriwa kuwa msimamizi wa maandishi, cheo ambacho kwa kazi zake kilikuwa cha dramaturgi. Wakati huohuo ilikuwako sheria iliyoanza mwaka 1737 iliyotaka kila tamthilia mpya ipelekwe katika ofisi ya Lord Chamberlain isomwe kabla ya kuonyeshwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1968. Kwa muda wa miaka kama mitano, basi, muswada mmoja uliweza kusomwa London na wasomaji wawili wa kwanza: mmoja ndani ya jumba, mwingine katika ofisi ya serikali.

Kwa mtazamo wa nje wasomaji hao wawili walifanya jambo moja. Wote walisoma kwa kalamu mkononi, na wote waliweza kusema kwamba neno fulani liondolewe. Tofauti ilikuwa katika kinachofuata. Swali la dramaturgi lilirudi kwa mtunzi na kwa mwelekezi na kuzaa mazungumzo. Neno la mkaguzi wa serikali lilikuwa mwisho wa mazungumzo. Dramaturgi alisoma ili mchezo uwezekane, mkaguzi alisoma ili ajue kama mchezo utavumilika. Hata hivyo Tynan naye aliuona mpaka wa nafasi yake. Mwaka 1967 alipigania tamthilia ya Rolf Hochhuth iliyomhusu Winston Churchill, na bodi ya jumba lake mwenyewe ikaikataa. Dramaturgi mwenye mwajiri hawezi kudai kuwa yu huru kabisa, na hoja yoyote inayomtetea lazima ilikubali jambo hilo tangu mwanzo.

Mifano ya Kiswahili: Tafsiri na Ishara

Udramaturgi umefanyika katika Kiswahili, ila bila jina. Mfano wa kwanza ni tafsiri za Julius K. Nyerere. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, naye akairudia, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Kichwa hiki cha pili ni uamuzi wa udramaturgi kamili. Katika Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, katika Kiswahili wamekuwa wengi. Kiswahili kilikuwa na neno tajiri, lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mfanyabiashara na likatumika pwani kwa maana hiyo tangu zamani. Neno hilo halikuchaguliwa. Lililochaguliwa ni bepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati neno hilo lilipokuwa likisikika katika kila mkutano wa hadhara Tanzania.

Mhakiki wa kawaida ataishia kusema kwamba kichwa kinaakisi siasa ya wakati wake. Dramaturgi anayetayarisha onyesho hawezi kuishia hapo, kwa maana kichwa hicho kinamtaka ajibu maswali ya vitendo. Iwapo mabepari ni wengi, ni akina nani? Je, ni Shylock peke yake, mkopeshaji anayechukiwa na kila mtu, au ni Antonio pia, mwenye majahazi baharini, ambaye tamthilia ya asili inamwonyesha kuwa mwema? Je, marafiki wa Antonio wavae vipi, wakae wapi wakati wa kesi, wacheke lini? Onyesho linalomvalisha Shylock peke yake mavazi ya unyonyaji linakipinga kichwa chake lenyewe. Onyesho linalowaweka wafanyabiashara wote upande mmoja linamfanya mtazamaji aione chuki yao kwa Shylock kuwa ugomvi wa ndani wa tabaka moja, na labda linafifisha chuki ya kidini iliyomo katika maandishi. Maswali haya hayana jibu moja. Lakini kundi lisiloyauliza litaonyesha Mabepari wa Venisi na kuwa limeonyesha kichwa kimoja na mchezo mwingine.

Mfano wa pili ni Mashetani, tamthilia ya Hussein ya mwaka 1971. Vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wao chini ya mbuyu. Mmoja anakuwa Shetani, mwingine anakuwa Binadamu, na mchezo huo unakuja kumsumbua Kitaru hata unapokuwa umekwisha. Wahakiki wameandika mengi kuhusu ishara hizi. Imesemwa kwamba Shetani ni ukoloni mamboleo, na kwamba mbuyu ni mahali pa mamlaka. Mjadala huo una faida, na pia una tabia moja: unaichukua tamthilia kama fumbo linalongoja kufumbuliwa, na likishafumbuliwa kazi imekwisha.

Dramaturgi huanza mahali pengine. Swali lake la kwanza lingekuwa juu ya mpaka. Mtazamaji atajuaje ni wakati gani Juma ameacha kuwa Shetani na kurudi kuwa Juma? Je, anavua kitu, anabadili sauti, au anabadili mwendo? Kama hakuna alama yoyote, mtazamaji atapotea. Kama alama ni nzito mno, yale yanayompata Kitaru baadaye yatakosa maana, kwa kuwa ugonjwa wa Kitaru unategemea kwamba mpaka kati ya mchezo na maisha umevuka bila yeye kutambua. Kwa hiyo alama ya mpaka yapasa iwe dhahiri mwanzoni na idhoofike kadiri mchezo unavyoendelea. Hilo ni jambo la vazi, la taa na la pumzi ya mwigizaji, nalo ni tafsiri ya maandishi kwa kiwango kilekile cha makala yoyote ya uhakiki. Tena linaweza kumsahihisha mhakiki: kama mpaka unayeyuka, basi kauli kwamba Shetani ni kitu fulani kimoja kilicho nje ya Binadamu haiwezi kusimama mpaka mwisho wa tamthilia.

Kamirithu: Kijiji Kizima kama Dramaturgi

Mfano mkubwa kuliko yote nchini Kenya haukuwa wa Kiswahili, bali wa Kigikuyu. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, ilisomwa na kujadiliwa katika kituo cha Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, huku mazoezi yakifanywa mbele ya yeyote aliyetaka kuja. Katika maelezo aliyoyaandika baadaye, Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi wanakijiji walivyoisahihisha lugha ya tamthilia hiyo: jinsi mzee anavyopasa kusema, msemo gani unamfaa nani, wimbo gani huimbwa wapi. Amesimulia pia jinsi wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata walivyoketi na kupiga hesabu ya jinsi nguvu zao zinavyonyonywa, ili wawaeleze wale ambao hawajawahi kufanya kazi kiwandani.

Ukilinganisha habari hizo na orodha ya kazi za dramaturgi iliyotajwa hapo juu, hakuna kinachokosekana. Utafiti wa maisha ya wahusika ulifanywa na watu walioyaishi. Uchunguzi wa lugha ulifanywa na wenye lugha. Swali la mtazamaji liliulizwa na mtazamaji mwenyewe kabla ya siku ya onyesho. Watunzi wawili wasomi walikubali kusahihishwa, nao hawakupungukiwa na kitu. Kamirithu ilithibitisha kwamba udramaturgi hauhitaji kwanza jumba la mawe wala digrii. Unahitaji mahali ambapo swali linaruhusiwa kuulizwa kabla maandishi hayajafungwa.

Onyesho lilifunguliwa 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo leseni yake ilifutwa, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini tarehe 31 Desemba. Kundi hilo lilipotayarisha Maitũ Njugĩra mwaka 1982, halikuruhusiwa kuionyesha katika Jumba la Kitaifa la Michezo, na katika mwaka huo jengo la wazi la Kamirithu likabomolewa. Msomaji mmoja wa kwanza alikuwa kijiji. Msomaji mwingine alikuwa serikali, na yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Kuna kasoro moja ya kusemwa hata katika mfano huu mwema. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1980 kinayaonyesha matokeo, wala hakiionyeshi njia. Masahihisho ya wanakijiji yamemezwa ndani ya maandishi yaliyokamilika, na anayesoma leo hawezi kujua ni mstari upi uliotoka kwa nani. Laiti angalikuwapo mtu mmoja wa kuandika yaliyosemwa kila jioni, kama ilivyofanyika Berlin, idara za lugha zingekuwa leo na hati isiyo na mfano juu ya jinsi jamii inavyohariri lugha yake jukwaani. Kundi linaweza kuuliza maswali yote, lakini kuyatunza kunahitaji mtu aliyepewa kazi hiyo.

Nani Anasoma Kwanza Leo?

Hali ya tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya ni tofauti na hizo zote. Aghalabu tamthilia hutoka kwenye meza ya mtunzi, ikaenda kwa mchapishaji, ikapimwa kwa ajili ya mtaala, na ikiwa na bahati ikawa kitabu cha kutahiniwa katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili. Ndipo makundi ya waigizaji yanapoichukua na kuizungusha mashuleni, ili watahiniwa waone kwa macho yale watakayoulizwa. Jukwaa, ambalo lingepaswa kuwa mahali pa kwanza pa kuijaribu tamthilia, limekuwa mahali pa mwisho. Tena limekuwa mtumishi wa kitabu, kwa kuwa kundi linalopunguza onyesho au kulipanga upya litalaumiwa na walimu kwa kuwapotosha watahiniwa.

Wasomaji wa kwanza katika mpango huo si watu wabaya. Mhariri huangalia usahihi wa lugha na urefu wa kitabu. Jopo la mtaala huangalia maadili, umri wa wanafunzi na wingi wa dhamira zinazofundishika. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayelazimika kuuliza kama maneno yanaweza kusemwa kwa pumzi moja, au kama mhusika aliyeachwa jukwaani kurasa nne bila neno ana la kufanya. Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyewahi kufundisha somo hili: wahusika wanaoelezana mambo wanayoyajua tayari ili msomaji aarifiwe, maelekezo ya jukwaani yanayosimulia fikira badala ya matendo, na hotuba za mwisho zinazotaja dhamira kwa jina. Kasoro hizi huhesabiwa kuwa za watunzi, na mtunzi hawezi kusamehewa zote. Hata hivyo nyingi kati yake zingegunduliwa katika juma la kwanza la mazoezi.

Upande mwingine uko mkono wa leseni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliirithisha Kenya mazoea ya kuusoma mchezo kwa kuutilia shaka. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Pamoja na hayo, tamthilia ya wasichana wa Butere iitwayo Shackles of Doom ilizuiwa mwaka 2013 mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru iruhusiwe. Mwaka 2025 wanafunzi wa shule hiyohiyo waliondoka Nakuru bila kuigiza Echoes of War ya Cleophas Malala, baada ya polisi kutumia mabomu ya machozi, ingawa amri ya mahakama ilikuwapo. Katika mashindano yanayojivunia historia tangu mwaka 1959 na yenye waamuzi wajuzi, msomaji mwenye nguvu zaidi alikuwa bado yule asiyeuliza swali.

Hitimisho

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba dramaturgi atakuwa bwana mwingine juu ya mtunzi ambaye tayari ana mabwana wengi. Habari za Lessing na Tynan zinaonyesha kinyume chake: udhaifu wa dramaturgi katika historia umekuwa uchache wa mamlaka. Hatari ingetokea kama angepewa uwezo wa kukataza, na akipewa uwezo huo hatakuwa tena dramaturgi. La pili ni kwamba nchi isiyo na majumba mengi ya michezo haina pa kumweka mtu wa namna hiyo. Kamirithu imelijibu pingamizi hilo.

Jambo linalozihusu idara za lugha ni jepesi kulitaja. Kazi ya dramaturgi kwa sehemu kubwa ni kazi ya lugha: kupima lahaja ya mhusika, kulinganisha tafsiri, kutambua neno lililopitwa na wakati wake na lile lililowahi mno. Idara hizi zinawafundisha wanafunzi kuhakiki tamthilia baada ya kuchapishwa. Zinaweza vilevile kuwafundisha kuisoma ikiwa bado muswada, kuketi mazoezini, kuandika kumbukumbu za kila siku, na kumpelekea mtunzi maswali badala ya hukumu. Mwanafunzi mmoja aliyefuata mazoezi ya tamthilia moja tangu usomaji wa kwanza hadi onyesho, na kuandika yote aliyoyaona, atakuwa ameitolea fasihi ya Kiswahili aina ya hati ambayo mpaka sasa ni adimu.

Msomaji wa kwanza atakuwapo kwa vyovyote vile. Kinachobaki kuamuliwa ni kama atakuwa mtu aliyefunzwa kuipenda lugha na kulijua jukwaa, au kama nafasi hiyo itaendelea kuachiwa muhuri wa ofisi na ratiba ya mtihani.